Alama Nne za Chaki

Fundi wa tairi alikuwa na macho mawili mazima, na kazini hakuyatumia. Ukimletea gari alikuuliza unaenda wapi, akachuchumaa kando ya gurudumu, akageuza uso kuelekea barabarani kama mtu anayesubiri mgeni. Kisha akapitisha mkono nyuma ya tairi, upande ule wa ndani ambao mwenye gari hauoni mpaka alale chini kwenye tope. Mkono ulizunguka polepole. Sisi tuliosimama pale tulinyamaza bila kuambiwa. Mkono ulipotoka, mweusi mpaka kiwikoni, alisema moja kati ya mawili: "Itaenda," au "Haiendi." Ikiwa itaenda, alitoa chaki mfukoni akapiga msalaba mdogo ubavuni mwa tairi, upande wa nje, kila mtu auone.

Kibanda chake kilikuwa Makadara, hatua mia moja na arobaini kutoka lango la mahakama. Nilizihesabu kwenda na nikazihesabu kurudi. Kurudi zilikuwa mia moja thelathini na nane, nadhani kwa sababu ya mteremko.

Huo msalaba wa chaki ulikuwa na nguvu kuliko karatasi yoyote ya serikali. Watu walitoka mtaa wa Pipeline, wakaacha mafundi sita njiani, waje wapigiwe alama kabla ya safari ya Kitui au Busia. Ukikodi gari la kupeleka watu mazishini, abiria walizunguka kwanza wakitazama matairi, ndipo wapande. Dereva asiye na alama aliulizwa maswali kama mshtakiwa. Mchungaji mmoja alilalamika kanisani kwamba siku hizi watu wanauamini msalaba wa chaki kuliko ule mwingine. Jumatatu alikuja kupigiwa wake.

Mimi nauza mapazia, kwa jumla na kwa rejareja, na nimeishi kwa kutafuta kasoro. Kitu kisicho na kasoro hakishuki bei. Nikiingia duka la mtu nasema kitambaa kimepauka kabla sijakiona. Fundi alinijua hivyo tangu siku ya kwanza, akaniita Mama Kasoro, na jina likazoeleka barabara yote ile mpaka wauza maji wakawa wananisalimia nalo.

Siku hiyo ya kwanza nilimpelekea gari langu, gari kubwa la kupanda milima, lililotumika Japani miaka saba kabla ya kuanza kunitumia mimi. Nilikuwa nimeshayapima matairi mwenyewe. Nilichomeka sarafu ya shilingi kumi kwenye mifereji, tairi moja baada ya jingine, nikarudia. Meno yote yalikuwa marefu. Nilitaka alama tu niende.

Fundi hakutazama meno. Alisugua chaki ubavuni hadi zikatokea tarakimu nne ndogo.

"Mbili za kwanza ni wiki," alisema. "Mbili za mwisho ni mwaka. Soma."

Nikasoma. Nikasoma tena.

"Hii tairi imefika umri wa kutahiriwa," alisema. "Meno iko. Roho haiko."

"Lakini haijatembea, Fundi. Ilikuwa imelala Japani."

"Hata maiti hulala."

Nilikuwa nimeshampata mtu wa kununua yale manne mtaani, bei nzuri. Nilipomwambia, Fundi alichukua kisu akayachana ubavu mbele ya macho yangu, moja, mbili, tatu, nne, bila hasira, kama mama anayekata mkate wa watoto. Nilimtukana. Akasubiri nimalize, akaniuliza kama nataka chai.

Alikuwa mchoyo wa upepo. Ukimwomba akuongezee kidogo bure alikutazama kana kwamba umemwomba figo. Lakini kulikuwa na gari la bluu kando ya ukuta, la mtu aliyeingia mahakamani asubuhi moja kusikiliza kesi yake mwenyewe na akapitishiwa mlango mwingine, miaka mitano. Kila Jumamosi Fundi aliburuta mpira wa kompresa hadi kwenye gari lile akayajaza matairi yote manne, lisikalie rimu. Nilimwuliza ni nani anayemlipa.

"Tairi haikuiba," alisema.

Na yeye mwenyewe hakupanda gari. Alitembea kwa miguu kutoka Mathare asubuhi, akarudi kwa miguu jioni, mvua au jua. Tulidhani ni ubahili. Siku moja nilimsogezea kiti cha mbele, nikamwambia nakwenda upande wake, aingie. Alilitazama gari langu kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula cha nyumba yenye kipindupindu.

"Asante, Mama Kasoro. Nimeshika sana chini yake."

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye miaka kumi na moja. Dalili zilikuwepo, na mimi ninayejisifu kwa kuona uzi uliokatika kwenye jora la mita hamsini, niliziona zote nikaziita majina mengine.

Ya kwanza ilikuwa mvua ya Aprili. Waipa zangu zilikuwa zimekauka, zinapaka maji kwenye kioo badala ya kuyaondoa. Nilimkuta Fundi amejikunyata kibandani, akatoa pakiti tatu.

"Ya tatu ya nini?"

"Mbili mbele, moja nyuma."

"Nyuma sina haja," nikasema. "Nilikopita nimeshapita."

"Anayekufuata yuko huko."

"Basi toa ya abiria. Abiria si anakaa tu."

"Abiria ndiye huona kwanza, Mama. Dereva huona mwisho."

Tulivutana hadi nikapata tatu kwa bei iliyonifurahisha, kumaanisha yeye haikumfurahisha. Akainua mkono wa waipa, akatandika kipande cha kadibodi kwenye kioo ili chuma kikiponyoka kisivunje, akabana kishikizo cha ile ya zamani ili kuichomoa. Ilikuwa imeshika kutu. Akaivuta kwa nguvu, ikatoka, akavalisha mpya, akasogea upande wa pili. Alipomaliza aliniambia niwashe nijaribu.

Niliwasha. Waipa zikafagia mara moja, na kioo chote mbele ya uso wangu kikawa na upinde mwekundu. Zikafagia tena, upinde ukawa wa waridi. Nilitoka nje.

"Fundi, umejikata."

Alikitazama kidole gumba chake kama kitu ambacho mteja amesahau. Kilikuwa kimepasuka hadi panapoonekana peupe.

"Kweli," alisema.

Hilo nililisimulia mtaani kama sifa. Nilisema, fundi yule ana ngozi ya kiatu, hajui hata maumivu. Watu walicheka, na foleni yake ikaongezeka.

Ya pili ilikuwa harufu. Alikuwa akichoma kiraka kwenye tyubu kwa kile chuma chake cha moto, amekishikilia kwa mkono wa kushoto huku akibishana na mtu juu ya uchaguzi. Tuliokuwa pale tulikuwa watano. Tulinusa kitu. Mmoja wetu akasema, mpira wa siku hizi ni feki, unanuka nyama. Tukakubaliana. Jioni nilimwona amefunga kitambaa kiganjani na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nikimshusha bei ya vali.

Na chaki. Alianza kuivunja. Zamani kipande kimoja kilimtosha siku tatu. Sasa alikuwa akikibana kinamomonyoka, anachukua kingine, kinamomonyoka. Nilimwambia anaharibu mali. Alisema chaki za siku hizi ni laini.

Mwezi wa nane mama yangu alikuwa amekaa kwangu wiki mbili akitibiwa miguu, na Jumamosi nilikuwa nimrudishe Murang'a. Ijumaa nilipita kwa Fundi. Alichuchumaa, akageuza uso barabarani, akazungusha mkono kwenye matairi yote manne, kisha akaniomba nishushe spea iliyoning'inia chini nyuma, akaizungushia mkono nayo. "Itaenda," alisema mara tano. Misalaba mitano. Sikulala chini kuangalia. Ninahesabu chenji ya mkate mara mbili, lakini mkono ule sikuwahi kuurudia. Hakuna aliyeurudia.

Tulipoipita Thika usukani ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kama simu mfukoni. Kisha viti.

"Ni nini?" mama akauliza kutoka nyuma.

"Ni barabara."

"Barabara ni laini, mwanangu. Naiona."

Nilisimama kando. Malori yalipita yakitikisa gari zima. Tairi la mbele kushoto, upande wa nje, lilikuwa safi, na msalaba wake katikati. Nikalala vumbini na nguo zangu nzuri, nikapitisha mkono nyuma kama nilivyomwona akifanya mara mia. Sikuhitaji kuzunguka. Ulikuwa uvimbe wa ukubwa wa yai la bata, mpira umepanda moto, na juu yake nyuzi za waya zimeshatoka, zikanichoma kiganja. Nikautoa mkono, nikaurudisha tena. Ulikuwa pale pale. Uvimbe wa namna hiyo, ukipasuka gari likiwa kwenye mwendo, haukupi nafasi ya kusema hata jina la mtu.

Nilifunga spea. Spea nayo ilikuwa na msalaba, lakini sikuwa na nyingine. Safari iliyobaki niliendesha kwa arobaini, baiskeli zikinitazama. Mama alikuwa akiimba nyimbo za kanisa. Nikamwomba aimbe kwa sauti ya chini ili nisikie magurudumu.

Jumatano asubuhi nililitoa lile tairi kwenye buti nikaliweka chini mbele ya kibanda. Fundi alikuwa peke yake, anakunywa chai. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akikitazama.

"Shika hii," nikamwambia. Sikueleza kitu.

Alichuchumaa. Akageuza uso barabarani. Mkono ukaingia, ukazunguka, ukapita juu ya uvimbe, juu ya zile waya, ukaendelea, ukamaliza duara.

"Itaenda," alisema.

Nilimkamata kifundo cha mkono, nikaviweka vidole vyake juu ya uvimbe, nikavikandamiza. Bado alikuwa akitazama barabarani, akisubiri nimweleze ninachotaka. Kisha aliona uso wangu. Akateremsha macho, taratibu, akaviona vidole vyake mahali vilipokuwa. Damu ilikuwa imeanza kutoka kwenye viwili.

Alikaa chini.

"Mama yako?" aliuliza.

"Yuko salama. Usiniulize kwa nini."

Alivipangusa vidole kwenye suruali. "Ni sukari," alisema. "Ilianza na kidole kidogo. Nikasema, kimoja, nina tisa. Sasa chai sijui ni ya moto mpaka nione moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Nilijaribu kufanya hesabu. Magari manane kwa siku, tuseme, na Disemba ishirini. Nilifika mahali nikaacha. Ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuiacha katikati.

"Na kila siku unapiga chaki."

"Mengi yanaenda vizuri, Mama Kasoro. Tairi nyingi ni nzima hata usipozishika."

"Utawaambia watu au niwaambie mimi?"

Alitazama kompresa, akatazama ukuta. "Nikisema leo, kesho hapa ni pa mwingine. Nina mjukuu anamaliza shule Novemba. Nipe mpaka Krismasi."

Hapo ndipo ninapotaka kusema nilimkatalia. Lakini mtu akinitajia kiasi, mdomo wangu hujibu wenyewe.

"Krismasi? Hiyo haiongeleki. Leo."

"Mwisho wa mwezi wa kumi."

"Kesho asubuhi."

"Mama, wiki mbili. Niwatafutie wateja fundi mwingine, pole pole."

"Siku mbili."

"Wiki moja."

"Ijumaa," nikasema. "Ijumaa jioni, na sishuki tena."

"Ijumaa," akasema, akanipa mkono. Aliubana wangu hadi mifupa ikagusana, kwa sababu hakujua ameubana kiasi gani. Nilikuwa nimepata bei nzuri. Nilisimama pale nikijisikia kama kawaida baada ya bei nzuri, kwa muda wa pumzi mbili hivi. Kisha nikasikia honi.

Ilikuwa matatu ya nisani, nyeupe, ya kukodi. Ndani walikuwemo akina mama wa chama kimoja kutoka Pipeline, wamevaa leso za kufanana, wanakwenda kuzika Kitui. Walishuka wote kununua maji na kunyoosha miguu. Dereva alikuwa kijana mwenye ndevu za kupangwa, mwenye haraka.

"Niaje, Fundi. Tupigie tutoke, jua linapanda."

Fundi alinitazama. Ilikuwa Jumatano.

Alikwenda kwenye gurudumu la kwanza akachuchumaa, akageuza uso. Mkono ukaingia. Akina mama wakanyamaza, kama tulivyonyamaza sote miaka yote. Niliona ninachokijua mimi tu: mkono unazunguka kwenye tairi kama fimbo. Na nikajua kwamba zile siku mbili nilizomuuzia hazikuwa zangu.

"Dereva," nikasema. "Huyu mzee mikono yake imekufa. Hahisi kitu. Lala chini uangalie mwenyewe."

Dereva alinitazama kuanzia viatu. Mmoja wa wauza maji akacheka. "Huyo ni Mama Kasoro," alimwambia. "Ameshindwa bei ya kitu hapo. Akishindwa huharibia mtu soko."

"Sina bei leo," nikasema. "Tazama lile tairi pale chini. Alilipitisha Ijumaa. Tazama upande wa ndani."

"Mathee, tairi mbovu iko kwa fundi wa tairi. Ulitaka iwe wapi? Kwa daktari?" Akina mama wawili wakacheka. Akamgeukia mzee. "Fundi, itaenda?"

Fundi alikuwa bado ameuweka mkono ndani. Aliutoa, akaugeuza, akakitazama kiganja. Katika miaka kumi na moja nilikuwa nimesikia kwake majibu mawili tu juu ya tairi. Hili lilikuwa la tatu.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Anayosema mama ni kweli. Mkono umekufa. Sijui kama itaenda."

Dereva alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama yale matairi mapya matatu yaliyoning'inia kibandani. Niliona akiunganisha mambo, na aliyaunganisha vizuri, kama ambavyo mimi ningeyaunganisha mahali pake.

"Aah," alisema. "Mmeshaelewana. Mmoja anatisha, mwingine anauza. Mimi nimezaliwa hapa hapa Eastlands, wazee. Hiyo mpelekee mtu wa kuja."

"Sikuuzii," Fundi alisema. "Nenda kwa fundi wa mbele. Nenda kwa yeyote, akushikie."

"Saa ya kuzunguka nitaitoa wapi? Maiti inangoja."

Akaingiza mkono kwenye kopo la chaki lililokuwa kwenye kiti, akachukua kipande. Akazunguka gari lake. Alichora vizuri, hata vizuri kuliko Fundi, mistari imenyooka. Mbele kulia, nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto. Akairudisha chaki mahali pake, maana hakuwa mwizi.

Nilimshika mkono mama aliyekuwa karibu nami, mnene, mwenye thamosi ya chai. "Msipande. Umemsikia mzee mwenyewe."

"Nimesikia mkisemezana mambo ya biashara," alisema bila ubaya. "Mimi natazama alama." Akalizunguka gari akiinama kwenye kila gurudumu, akinyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu, nne. Akina mama, twendeni."

Wakapanda. Niliwahesabu wakiingia, kumi na mmoja. Wa mwisho alijipinda kuingia mlangoni, na mgongoni, ndani ya leso, kulikuwa na mguu mdogo umevaa soksi. Kumi na wawili.

Injini ilipowaka, Fundi aliinuka. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbilia gurudumu la nyuma kushoto, lililokuwa karibu, akapiga magoti, akaanza kulisugua kwa kiganja, kisha kwa mkono wa shati, huku gari limeshaanza kusogea na gurudumu linageuka chini ya mkono wake. Dereva akapiga honi aondoke. Mzee alisota nalo hatua tatu, nne, akisugua, mpaka likamponyoka.

Alibaki amepiga magoti barabarani, shati jeupe kwa chaki. Alikuwa amefuta moja. Tatu ziliingia Jogoo Road.